Inua Mikono, Mwalimu

Kwenye tuktuk ya kwenda Kinoru, Kendi alijifanya anasoma simu, lakini masikio yalikuwa kwa majirani zake wawili. Mama wa ofisi alikuwa akimlalamikia mzee asiyemjua. "Soja wa geti letu pale Kinoru hana heshima. Ananijua vizuri na bado kila asubuhi lazima apekue mkoba wangu. Hata mkubwa wetu anapekuliwa."

"Huyo ni Mutwiri, ndiye ninayekwenda kumwona," mzee alisema. "Nilimfunza mimi. Nililinda mageti mpaka magoti yakakataa, sasa nafundisha walinzi. Siku ya kwanza nawaambia wanipekue mimi. Wengi huona haya, wananipigia saluti nipite. Mutwiri alinivua mpaka kofia."

"Kumbe wa kulaumiwa ni wewe."

"Ni mimi, mama." Alivyotamka hayo, Kendi alidhani mzee amepewa medali.

"Basi ungemfunza kutofautisha watu."

Kabla mzee hajajibu, tuktuk ilisimama getini, na wote wawili wakashuka. Mutwiri alimsalimia mwalimu wake kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kidogo. "Karibu sana, mwalimu. Samahani, inua mikono."

Mzee aliinua polepole, akamgeukia yule mama kuhakikisha kwamba anaona.