Mama Mashine na Ukurasa wa Pili

Baada ya kupiga chapa barua, mihtasari na sheria ndogo za baraza letu la mji kwa miaka thelathini na minne, Mama Mashine anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30. Aliingia akiwa msichana mwembamba anayegonga kwa vidole viwili. Anatoka akiwa bibi wa wajukuu sita, anayegonga kwa vidole kumi huku akimgombeza mhudumu wa chai, bila kukosea herufi.

Wengi mnamkumbuka kwa sheria ya masanamu. Mwaka ule shehe na mchungaji, ambao hawakuwahi kukubaliana hata kuhusu vipaza sauti, walikuja pamoja kulalamika kwamba masanamu ya maduka ya nguo yanasimama dirishani uchi. Siku ya kikao walikaa mstari wa mbele, mikono kifuani. Diwani gani angenyoosha mkono aonekane anatetea uchi? Sheria ikapita kwa dakika nne. Hakuna aliyeuliza uko wapi ukurasa wa pili, ule uliosema sheria inahusu maduka tu.

Basi kila umbo la mtu mjini likatakiwa kuvaa hadi magotini. Mifupa ya maabara ya sekondari ilivishwa suruali, nayo ikawa inadondoka kila kipindi, mpaka Mama Mashine alipoishonea kanda za mabegani. Mwanasesere wa binti wa afisa biashara alipewa onyo la maandishi. Ilichukua miezi saba kuifuta sheria hiyo, kwa sababu shehe alisubiri mchungaji aanze kulegeza, na mchungaji akamsubiri shehe.

Lawama za ukurasa uliopotea zilimwangukia Mama Mashine. Alipewa barua ya onyo, na cheo cha mkuu wa masjala kikampita. Hakugombana. Alisema tu kwamba yeye huchapa anacholetewa, akarudi mashineni.

Alisema kweli. Mimi, niliyekuwa katibu wa baraza, ndiye niliyeandika rasimu ile, na ukurasa wa pili niliusahau nyumbani chini ya chupa ya chai. Niliuona jioni ile ile. Nikanyamaza, maana shehe alikuwa amenipongeza na mchungaji ameniombea hadharani, na baraka mbili kwa siku moja ziliniziba mdomo. Sasa daktari amenishauri nisijisumbue kununua kalenda ya mwakani, kwa hiyo nasema.

Ukurasa wenyewe nimeuambatisha, alama ya chupa bado inaonekana. Namwomba mkurugenzi aitoe barua ya onyo kwenye jalada la mama huyu kabla hajapanda jukwaani kuagwa Ijumaa, aiweke kwenye langu.

Mama Mashine, asante kwa kuchapa hata makosa yetu bila kosa. Kapumzike, ule, ulale, ucheke na wajukuu. Nakutakia maisha mema, marefu kuliko haya yangu. Na ukiamua kunisamehe, nipigie chapa mistari miwili tu. Kazi yako naisoma hata bila miwani.