Mwalimu Dhiki, Seremala Aliyetia Sahihi

Ndugu, jamaa na majirani, marehemu baba yetu aliagiza historia yake isomwe yote, wala isipambwe, nasi wanawe tumetii, ingawa kuna mahali ulimi utakuwa mzito.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1941, katika chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa pili wa dobi, akasoma shule ya misheni kuanzia 1949 hadi 1956, kisha akajifunza useremala kwa mjomba wake, na mwaka 1962 akafungua karakana yake, ambamo alitengeneza mabenchi yote ya kanisa letu. Tarehe 12 Desemba 1964 alifunga ndoa na marehemu mama yetu, wakajaliwa watoto wanne.

Jumapili alifundisha watoto, na kwa jinsi alivyopenda kueleza unabii wa dhiki kuu, siku ambazo waumini watakamatwa, na ndugu atamsaliti ndugu yake, wakambandika jina la Mwalimu Dhiki. Aliwasimulia habari za Wakristo wa kwanza, waliosimamishwa mbele ya maliwali wakaambiwa watupe chembe moja tu ya uvumba mbele ya sanamu ya mfalme, waende zao nyumbani, wakakataa, wakauawa, kisha baba humnyooshea mmoja wa watoto kidole: "Na wewe ungefanyaje?" Mtoto mmoja alijibu kwamba angetupa halafu atoke mbio, darasa zima likaangua kicheko, baba hakucheka.

Serikali ya wakati ule ilipopiga marufuku makanisa, Jumatano tarehe 14 Juni 1972, saa nne asubuhi, askari watatu waliingia karakanani, wakamkuta na rafiki yake wa kufa na kuzikana, mpiga kengele wa kanisa, wakaweka karatasi za kukana imani juu ya meza ya kazi, katikati ya maranda. Mpiga kengele alisema, "Siwezi, wakubwa," akafungwa kamba. Baba alitia sahihi. Walipomuuliza kama anamfahamu yule mtu, akajibu, "Simjui, ni mteja tu." Rafiki yake alimtazama, akapelekwa, na mwezi Novemba akafia gerezani.

Makanisa yalifunguliwa mwaka 1979, lakini baba hakufundisha tena, na harusi za wanawe wote wanne alizitazama akiwa nje ya mlango wa kanisa, amevaa suti. Mara nyingi, katikati ya kupiga randa, tulimsikia akisema peke yake, "Simjui," kisha anaacha kazi, anakaa.

Januari 2019 aligundulika kuwa na saratani ya koo. Mjane wa mpiga kengele, ambaye kwa miaka arobaini na sita hakuwahi kumsalimu, alianza kuja hospitali kila Alhamisi, akimlisha uji kwa kijiko. Siku moja baba akamuuliza, sauti imekauka, "Shemeji, umenisamehe?" Mama yule akakoroga uji. "Bado. Meza kwanza." Alhamisi tarehe 9 Mei, saa nane mchana, baba alifariki, na mama yule alipofika muda mfupi baadaye, uji ukiwa bado wa moto, alikaa kando ya kitanda, bakuli mapajani, mpaka jioni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, maseremala wenzake waliochonga jeneza hili, na mama huyo, aliyeketi nasi hapa mbele, ambaye hatujathubutu kumuuliza swali lile la baba.

Baba, tumeyasoma yote. Sasa lala, upumzike.