Makofi Katika Wimbo wa Sikio

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka mtunzi wa muziki tuliyemwita Sikio, kwa kuwa hakuna sauti iliyompita. Sikio ametutoka akiwa na miaka thelathini na minne. Ameuawa kwa kipigo, mtaani kwake, saa nane mchana.

Dada yake, fundi cherehani, anacheka huku analia: "Ukipiga chafya anakuomba urudie, eti ya kwanza haikuingia vizuri!" Sufuria, bawaba, mvua juu ya bati, vyote aliviingiza kwenye muziki wa mchezo wake wa kompyuta. Ni mchezo wa kusoma: hadithi ya mapenzi inapita kwenye skrini, picha zinabadilika, muziki unakusindikiza. Wimbo uliopendwa zaidi ulikuwa na makofi. Tuliupiga hapa kila asubuhi, na mtangazaji wenu huyu aliucheza kitini.

Kisha zikaja albamu za rimiksi, yaani muziki uleule uliopangwa upya. Katika ya kwanza, makofi yalipungua kasi. Katika ya pili kinanda kiliondolewa, na makofi yakawa mazito, kama mchi unaotwanga kitu kibichi. Mashabiki wakabishana mitandaoni: bila shaka msichana wa kwenye hadithi aliuawa. Kuuawa, mtu aliuawa kweli. Ila hakuwa wa kwenye hadithi.

Albamu ya tatu haikutoka. Sikio alimsikilizisha dada yake kwanza. Hakuna ala hata moja. Ni mbao, mawe, na mtu anayepaliwa na damu yake. Watu wanacheka. Halafu sauti inalia: "Simu si ya wizi! Ni ya Sikio! Muulizeni Sikio!"

Dada akaitambua. Ilikuwa sauti ya fundi wa simu wa pale kona, aliyeuawa na umati miaka minne iliyopita, akiitwa mwizi. Yale makofi tuliyoyacheza yalikuwa kipigo chake, kimeharakishwa.

"Mkasi uliniponyoka," anasema dada. "Nikamuuliza, wewe ulikuwa wapi? Akaniambia, dirishani, dada. Nilikuwa nanasa sauti za mtaa. Funguo za mlango nilikuwa nazo mkononi."

Funguo mkononi, wasikilizaji. Fundi alikuwa anamrudishia Sikio simu yake, ameshaitengeneza. Aliita jina lile mara tatu. Mara ya tatu wakamvunja taya kwa tofali. Sikio aliogopa, hakufungua mlango. Lililomshinda kulisema kwa mdomo akawa analisema kidogo kidogo kwa muziki.

Dada hakumung'unya maneno: "Mashabiki si mama wa yule fundi. Mpelekee mama yake."

Akaenda. Mama wa fundi ni mfua nguo. Aliisikiliza rekodi yote, mpaka mwisho. "Nikamzaba kofi," anatuambia. "Nikamzaba la pili. Kisha nikamwambia, mwanangu, inuka, twende polisi."

Ndani ya rekodi wauaji walikuwa wakiitana kwa majina. Jumanne wawili wakakamatwa. Alhamisi wenzao wakamnasa Sikio palepale mtaani, wakapiga kelele ileile: mwizi! Walianza na masikio, kwa nondo. Wakamkanyaga mbavu mpaka zikalia. Milango ikafungwa, mmoja baada ya mwingine.

Mmoja ukafunguliwa. Mama wa fundi alitoka na beseni la maji ya kufulia yanayochemka, akawamwagia usoni. Wakakimbia wakipiga mayowe. Akapiga magoti, akampakata. Sikio alikata roho mapajani mwake, mikono ya yule mama bado ina povu.

Tulimuuliza kama marehemu alisema neno. "Hakuweza," akajibu. "Mimi ndiye niliyesema. Nilimwambia, nimefungua, baba. Nimefungua."

Dada, pole sana. Mama, pole kwa wote wawili. Mungu awatie nguvu. Nasi tuliocheza makofi yale, tujiulize tulikuwa tunasikiliza nini. Leo hatuupigi ule wimbo. Ukizima redio, sikiliza nje ya mlango wako. Kuna mtu anaita jina lako?