Pantaleo Masele, Aliyekataa Kengele ya Uongo

Marehemu Pantaleo Masele alizaliwa Ushetu tarehe 4 Mei 1904, mtoto wa pekee wa mzee Masele na mama Mageni.

Alisoma shule ya misheni Ushirombo hadi vita vilipoifunga mwaka 1916. Mwalimu wake alilalamika kwamba mtoto huyu hakubali jibu mpaka aambiwe limetoka wapi. Tabia hiyo hakuiacha.

Mwaka 1926 alitandaza nyaya za simu kandokando ya reli hadi Shinyanga. Mwaka 1934 aliajiriwa katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, kuangalia simu ya shimoni. Waya ulikuwa mmoja, kwa maneno na kwa kengele, na swichi ndiyo iliyobadilisha. Mlio mmoja wa kengele ulimwamuru mwendesha mashine aliye juu apandishe ndoo ya kubebea watu.

Tarehe 3 Machi 1936 ndoo ilipanda wakati Bujiku, mchimbaji, ameingiza mguu mmoja tu. Mguu ukavunjika. Msimamizi akamlaumu mwendesha mashine kwamba amelala, akapandisha bila kengele. Pantaleo akajibu mbele ya wote: “Hakulala, Bwana. Kengele imelia kweli. Iliyodanganya ni swichi.”

Alikuwa amegundua kwamba swichi ikigeuzwa ghafla, umeme uliobaki kwenye waya huigonga kengele mara moja. Akatengeneza swichi yenye kituo cha katikati: mkono wa swichi ulipopita hapo, ardhi iliumeza umeme ule kabla waya haujaifikia kengele. Tena hakuigeuza mpaka shimoni waitikie “mhola”, yaani shwari, kisha waache kusema.

Msimamizi aliona ni kupoteza muda, akaamuru swichi ya zamani irudishwe. Marehemu alikataa. “Ikirudi hiyo, Bwana, ndoo ya kwanza panda wewe.” Alifukuzwa asubuhi ileile. Wachimbaji wakakaa chini, hakuna aliyeshuka. Siku ya tatu aliitwa, akarudi na swichi yake mkononi.

Alifunga ndoa na Paskazia tarehe 9 Januari 1929. Watoto wakizungumza kwa pamoja aliinua kidole: mmoja aachie, ndipo mwingine ashike. Mkewe alimtania, “Baba Apolonia, hapa ni nyumbani, si kwenye waya.” Naye alicheka, lakini kidole hakukishusha.

Kifua kilianza kumsumbua Januari 1938. Aliambiwa aache kazi, akasema ataacha akishamfundisha mtu. Alimfundisha Bujiku, ambaye sasa hutembelea fimbo, kisha akakubali kupelekwa hospitali ya Kolandoto. Alifariki huko tarehe 17 Juni 1938, saa nne asubuhi.

Ameacha mama mzazi, mjane Paskazia, na watoto watatu: Apolonia, Stanslaus na Limi. Wako waliomwita mkaidi, na wengine wamo humu msibani. Hatumwombei radhi. Tangu swichi ile ifungwe, hakuna ndoo iliyopanda bila kuitwa.

Mungu ampe Pantaleo amani. Ukaidi wake tunabaki nao sisi.