Mzee Bado Akabidhi Chaki

Ijumaa tarehe 30 mwezi huu, saa kumi jioni, saisi mkuu wa shule yetu ya kupanda farasi, yaani kiongozi wa watunza farasi wote, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne. Mkewe, ambaye ni mwalimu wa hesabu na hakosei, anasema muda mwingi wa miaka hiyo mumewe ameutumia akitembea kwa miguu huku farasi mzima mwenye afya yuko kando yake. Njiani watu walimuuliza kama mnyama ni mgonjwa. Aliwajibu kwamba mnyama ni mtoto, akaendelea na safari.

Jina lake halisi limo kwenye faili, na nadhani hata faili limeshalisahau. Sisi tunamwita Mzee Bado. Kwenye mlango wa kila farasi mchanga kuna kibao cheusi, na juu yake yeye huandika kwa chaki neno moja tu: Bado. Neno hilo hukaa hapo miaka. Wateja wamelalamika, wapandaji wamenuna, mpaka siku moja farasi mmoja aliandikiwa "Tayari" na jikoni wakapiga vigelegele. Ukimuuliza kama chai imeiva, jibu ni lilelile. Mkewe ametuambia kwamba uchumba wao ulichukua miaka minne, na wakwe walipouliza harusi lini, jamani, mnajua alichowajibu.

Kwa wageni wetu, nieleze kidogo, maana mimi ni mtunza stoo ya matandiko na somo hili nimelishwa kutwa kucha. Farasi wa miaka miwili ana umbo la mtu mzima, lakini mifupa yake haijakomaa. Magoti huwahi, mgongo ndio wa mwisho kabisa, huenda mpaka mwaka wa tano na zaidi. Kwa hiyo kwa Mzee Bado, miaka miwili ni ya kutembezwa kwa mguu, kila siku, mlimani na barabarani, kwa sababu daktari wa mifugo naye alisema farasi anayefungiwa ndani hapati mifupa imara. Miaka mitatu ni ya kuzoea vitu mgongoni, kisha mpandaji mwepesi kwa robo saa. Kuruka viunzi na kazi za kutoka jasho ni mwaka wa tano. Ukitaka kubishana, leta kiti, maana atakueleza mpaka miguu ikuume.

Kitu cha kwanza anachomzoesha farasi mgongoni ni koti lake mwenyewe, lile la kahawia lisilo na kifungo hata kimoja. Siku ya Kabati ndiyo tusiyoisahau. Kabati ni farasi jike aliyepewa jina hilo kwa sababu ya ukubwa wake. Mzee alimwekea koti, akasahau kutoa simu mfukoni. Mkewe akapiga. Hee! Farasi alitoka shoti na koti, simu, funguo za nyumba na mikate miwili ya mchana, akazunguka uwanja, akapita katikati ya kikao cha wazazi, akaenda kusimama kwenye maegesho. Simu ililia muda wote, kwani mwalimu wa hesabu hakati tamaa. Mpaka leo Kabati akisikia simu ikilia hugeuka kutazama nani anatafutwa.

Huyuhuyu Kabati ndiye aliyetaka kumfukuzisha mtu kazi. Alipokuwa na miaka miwili alikuwa mrefu kuliko farasi wa miaka minne, na hapo ndipo mkurugenzi wetu alipoteleza. Aliona urefu, akasahau umri. Akamwandikisha mashindano ya kuruka viunzi yaliyobakiza miezi mitatu, akaagiza tandiko litolewe stoo. Mimi nikalitoa, nakiri. Mzee Bado akalichukua mikononi mwangu, akalirudisha kwenye ndoano yake, akaenda ofisini kusema kwamba siku Kabati atakaporuka kiunzi kabla ya wakati, barua yake ya kuacha kazi itakuwa mezani. Alikuwa na watoto watatu shuleni. Hakuwa anatania.

Walibishana asubuhi nzima. Daktari wa mifugo aliitwa, akasema lake, hakusikilizwa. Aliyemaliza mambo ni mama mzazi wa mkurugenzi, bibi wa watu aliyekuwa amepita tu kumletea mwanawe miwani aliyoisahau nyumbani. Alisikiliza, akavuta kiti, akasema mbele ya wafanyakazi wote kwamba huyu mkurugenzi mnayemwona, alipokuwa na miaka kumi na mmoja alikuwa mrefu kama mlango, walimu walimdhania mzazi, na akitumwa ndoo moja ya maji alirudi analia magoti. Aliongeza kwamba hata kamba za viatu alikuwa hajui kufunga. Mkurugenzi alivaa miwani, akafuta jina la Kabati kwenye orodha, na kwa wiki mbili hakuna aliyethubutu kumtazama viatu.

Lakini kwa nini mtu ang'ang'anie hivyo? Aliniambia mara moja tu, tukishona mkanda wa tandiko. Mwaka wake wa kwanza kazini hakuwa Bado hata kidogo. Alikuwa ndiye mwenye haraka kuliko wote. Alimfunza dume jekundu la miaka miwili kwa wiki tatu, likaruka viunzi, akapigwa picha, picha ikatundikwa ofisini. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Lilipofika miaka minne likaanza kuchechemea, na lilipofika mitano halikubeba mtu tena. Liliishi kwenye uwanja wa nyuma miaka kumi na minane zaidi. Kila asubuhi Mzee alilipelekea karoti na kuliomba radhi. Nimemsikia kwa masikio yangu, na mimi ninayecheka kila kitu sikucheka.

Kabati alianza kuruka akiwa na miaka mitano. Sasa ana kumi na minne, anaruka bado, na makombe yake yamejaa kwenye rafu yangu ya polishi za matandiko, nikitafuta brashi siioni.

Basi mwaka huu kumetokea kituko. Kabati ana binti wa miaka miwili, anaitwa Droo, naye amekuwa mrefu haraka kama mama yake. Mzee Bado, aliyekuwa akihesabu siku za kupumzika, akaanza kwenda ofisini kuomba aongezewe miaka mitatu. Alienda mara tatu. Sheria ya kustaafu ikakataa mara tatu. Akaacha kula vizuri. Kila jioni alikuwa akishika magoti ya Droo, akitikisa kichwa, akiniuliza nani atasimama pale mlangoni yeye akiondoka. Nilimpa chai, akasema bado.

Jumatatu iliyopita alikuja mteja mkubwa na mpandaji wake wa mashindano, wakamtaka Droo aanze kazi mwezi ujao. Kibao kilikuwa kimefutika kwa mvua. Mzee alikuwa mbali na mlango, amebeba majani, akabaki amesimama palepale. Mkurugenzi aliinama na suruali yake ya ofisini, akashika magoti ya Droo, moja baada ya jingine, akapapasa mgongo, kisha akaomba chaki. Akaandika kwa mwandiko wake mbaya: Bado. Mteja akaondoka na hasira zake.

Mzee Bado aliweka majani chini, akaenda kwenye kabati lake la nguo, akaanza kufungasha.

Mzee wetu, asante kwa miguu yote uliyoiokoa, ya wanyama na ya watu. Uishi salama, ulale mpaka jua lichomoze, na mwalimu akipiga simu upokee. Jana jioni tulikushika magoti ulipokuwa umesinzia kwenye benchi, tukakubaliana sote, na kibao tumekutundikia mlangoni. Kimeandikwa Tayari.