Viwavi Wenye Parachuti

Nilifika mbio kijiweni pale Mwabungo, kwenye kahawa ya Swabir, mwanangu Kadzo mgongoni, maana mahindi yangu yameingia viwavi, wadogo kama nukta, na mahindi hayo ndiyo uji wa mtoto huyu, na babake yuko safarini! Benchini walikuwa wawili: Matano, tunayemwita Forodha kwa kuwa aliwahi kubeba mizigo mpakani Lunga Lunga, na Alamin, yaani Rubani, ambaye ndege hajapanda ila amefyeka nyasi uwanjani Ukunda.

— Shikamooni! Viwavi wamenivamia!

— Marahaba, Mama Kadzo, akasema Forodha. Hao wamevuka mpaka kwa lori la vitunguu. Hata muhuri hawakugongewa.

— Lori la nini? akadakia Rubani. Wanaruka hao! Kila mmoja ana uzi wake, ananing'inia kwenye jani, upepo ukivuma, huyoo, katua kwa jirani.

— Kiwavi ana parachuti? akauliza Forodha.

— Wallahi nimewaona! Wengi hufa njiani, wengine huliwa na siafu.

— Basi tuweke kizuizi, wapekuliwe mmoja mmoja.

— Tuazime feni za hoteli Diani, tuwapulizie baharini!

— Wakaote mapezi? Mwakani tuwavue kwa nyavu?

Mimi nikawakatiza.

— Jamani, leo bado wako juu, kwenye majani machanga ya katikati! Wakishatoboa bua wakaingia ndani, siwapati tena. Mamangu mkwe kasema niwamwagie majivu humo humo, sasa hivi. Nani ana majivu?

Kwa Forodha wapikia gesi. Kwa Rubani gesi. Kwangu pia gesi.

Tukageuka sote, polepole, tukalitazama jiko la makaa la Swabir.

— Hata! akaruka Swabir. Kahawa haijachemka!

— Kaka Swabir, mtoto atakula nini?

Akamtazama Kadzo, Kadzo akapiga chafya. Swabir akashusha dele lake la kahawa, akakung'uta majivu yote kwenye ndoo, akabeba jiko mkono huu, dele mkono huu.

— Na kahawa yetu? wakalia wale wawili.

— Itachemkia shambani. Anayeitaka aje na kijiko cha kumwagia majivu.

Wakaja. Forodha alichungulia kila shina la mahindi kama apekuaye magendo. Rubani yeye hakuinama hata mara moja, alikuwa akilinda anga.