Aliyepiga Hodi Ukutani

Katika kituo chetu chote cha afya, kuanzia daktari mfawidhi hadi paka wa stoo, hakuna mwenye sauti kama yangu. Nikitangaza chanjo mtaa wa juu, watoto wa mtaa wa chini wanaanza kulia. Kipaza sauti cha ofisi nakibeba kwa heshima tu. Chenyewe kinajua hakina kazi. Mimi na shule tuliachana mapema, kwa wema, kila mtu akashika njia yake. Lakini wasifu huu nimeombwa mimi, wasomi wakaachwa wameshika kalamu. Na aliyeniomba ni mstaafu mwenyewe.

Muuguzi wetu wa afya ya jamii, tunayemwita Sista Dirisha, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi.

Wauguzi wengine hutembea na kipimo cha joto mfukoni. Yeye alitembea na kibiriti. Akiingia nyumba yenye mgonjwa, hakuanza na ugonjwa. Aliuliza mnalala wangapi, maji mnateka wapi, jiko mnawashia upande gani. Mama mmoja alidhani anamtafutia mwanawe mchumba, akamwita binti yake aje amevaa vizuri. Kisha Sista aliwasha njiti, akaipuliza, akatazama moshi unaelekea wapi. Ukisimama katikati ya chumba kama mgeni asiyepewa kiti, alitikisa kichwa. Alikuwa na neno lake: ukimtibu mtu kisha ukamrudisha kwenye chumba kilichomuuguza, afya hujampa, umemwazima.

Kwa neno hilo alifanya mengi. Choo kilichokuwa kikichungulia kisima kilihamishwa, na kuhara kwa watoto kukahama nacho. Msimamizi wa karakana ya ushonaji, mtu mgumu kama mkate wa juzi, alikubali wafanyakazi wake wagonjwa waende kliniki bila kukatwa malipo ya siku. Sista alimwendea mara nyingi hadi mlinzi wa getini akadhani ameajiriwa pale.

Lakini kazi inayosimuliwa hadi leo, tena kwa sauti ya chini, ni ya chumba cha mwisho.

Ilikuwa nyumba ndefu ya kupangisha, vyumba vimebanana kama meno. Cha mwisho hakikukalika. Wapangaji walihama mmoja baada ya mwingine wakisema ukuta wa nyuma unakohoa. Akaingia mama mmoja fundi cherehani na binti yake mdogo. Yeye alisema majini hayana shida na maskini. Haikupita muda, mtoto akaanza kukonda na kukohoa. Kipimo kikaonyesha kifua kikuu. Dawa akaanzishiwa, lakini Sista hakutulia. Mama mzima, majirani wazima. Mtoto kaupata wapi?

Tukaenda, mchana kweupe. Chumba hakikuwa na dirisha. Liliwahi kuwapo, likazibwa kwa matofali. Sista akawasha njiti, akaipuliza. Safari hii moshi haukusimama. Ulijikunja, ukashuka nyuma ya kabati, ukaingia ukutani. Wote. Kama vile kuna mtu upande wa pili anauvuta.

Halafu ukuta ukakohoa.

Mimi nilitoka kwenda kulinda pikipiki. Si woga, pikipiki ni mali ya umma. Nikiwa mlangoni nilimwona Sista ameweka sikio kwenye plasta.

"Ukuta hauna mapafu," akasema. Akagonga kwa kidole. "Hodi, kaka. Au dada, au babu. Huku kuna mtoto anaumwa. Dawa tunayo, yako pia ipo, wala haiuzwi. Hatukuja kumfukuza mtu."

Kimya. Kile kimya cha mtu anayemeza kikohozi. Kisha upande wa pili, taratibu mno, pakagongwa mara moja.

Mwenye nyumba akaapa kwamba nyuma ya pale ni ghala la watu, hata panya hapiti. Sista akaenda kwa bwana afya, akapata kibali cha kufungua lile dirisha. Na kwa kuwa kwake mtu hatembelewi kwa kuviziwa, akataka mtaa utangaziwe siku moja kabla. Kutangaza ni kazi yangu.

Kesho yake mwashi akatoa matofali. Nyuma palikuwa na uchochoro ulioezekwa, upana wake kitanda. Ndani, mkeka umekunjwa vizuri, na kikombe cha maji kimefunikwa kwa kisahani. Chini ya ukuta palikuwa na ufa, ule ulioumeza moshi. Sista alisema mchana unavuta hewa, jua likizama unairudisha. Chumba kilikuwa kinapumua. Sasa ulikuwa umechomekwa kitambaa, kipya, kutokea upande wa pili, kama mtu aliyetaka kikohozi chake kisimfikie mtoto. Bati la upande wa ghala lilikuwa limesukumwa. Sista akagusa mkeka, akaniambia niuguse. Ulikuwa bado na joto.

Mwenye nyumba akakiri kwamba alimpangisha pale mwanamume fulani. Jina hakuwahi kumuuliza.

Dirisha likawekwa. Mtoto akamaliza dawa, na leo ana mashavu, na kelele zinazotishia ajira yangu. Sista naye, tangu siku ile, haingii chumba kabla ya kugonga ukuta na kungoja. Hata ofisini kwetu. Wageni hudhani ananyoosha vidole. Juzi, akikabidhi ofisi, alinipa kile kibiriti. "Mdogo wangu, gonga," akasema, "halafu unyamaze."

Asante, Sista, kwa kila dirisha ulilotugombea. Uendako ukakute upepo mwanana na majirani wazima, na afya uliyowagawia watu ikurudie yote.

Uliniagiza niandike bila kupaka rangi. Haya. Ulinituma nitangaze kwamba tunafungua dirisha. Mimi, kwa kupenda sifa, nilipaza mtaa mzima kwamba kesho tunabomoa, aliyemo atoke mwenyewe. Yule mtu hatujampata hadi leo; kama yu hai, anakohoa mahali, bila dawa. Kupitia ukuta ule alisikia sauti mbili, yako ya upole na yangu. Akaiamini yangu.